Ramatan: Nyumba ya Msomi Asiyeona

Katika likizo yetu nchini Misri, baada ya kuzuru Piramidi za Giza, tulielekea Ramatan, nyumba aliyoishi mwandishi Taha Hussein (1889–1973), ambayo sasa ni makumbusho. Rafu zake zimejaa vitabu, ilhali mwenyewe alipofuka angali mtoto mdogo. Alihifadhi Qur'ani kijijini kwao, akasoma Al-Azhar, na vitabu vyake alivitamka wengine wakaviandika. Mwaka 1950 aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu. Yamo katika maandishi yake ambayo wanazuoni waliyapinga, nasi hatuyatetei. Hata hivyo, wazazi wenzetu, mtoto asiyeona msimfiche ndani. Mpelekeni madrasa na shule. Mwenyezi Mungu aliyemtia mtihani wa macho hakumnyima akili.