Siku Zetu za Kwanza Bethel, Ujerumani

Kabla hatujaondoka wengi wenu mlituuliza, "Mwaenda kufanya nini huko?" Nasi tulijibu, kwa majivuno kidogo, kwamba twaenda kuwasaidia wagonjwa. Sasa tumekwisha kukaa huku majuma matano, na twaona yafaa tuwaandikie jibu lililo kweli zaidi.

Sisi tu watatu, wanafunzi wa chuo, wenyeji wa milima ya Usambara. Tumeacha masomo yetu kwa mwaka mmoja ili tufanye kazi ya kujitolea. Tulifika Ujerumani siku za mwisho wa Septemba, tukapanda gari la moshi, ambalo halina moshi wowote kwa kuwa laendeshwa kwa umeme, hata tukafika mji wa Bielefeld. Bethel ni sehemu ya mji huo, penye vilima na miti mingi. Baridi ilitupokea kabla ya wenyeji. Tulipoonyeshwa majumba tulidhani twafanyiwa mzaha, maana hili laitwa Nazareti, lile Sarepta, na hospitali zaitwa Gileadi na Mara. Ilikuwa kama kutembea ndani ya ramani iliyo mwisho wa Biblia.

Kazi ya mahali hapa ilianza mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mwaka 1872 ikakabidhiwa Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Mtu huyu aliijua huzuni, maana Januari 1869 watoto wake wanne walikufa katika muda wa majuma mawili. Hakupenda wagonjwa wakae bure wakihurumiwa, bali kila mmoja apewe kazi kadiri ya nguvu zake. Tangu mwaka 1888 hukusanywa hapa stempu zilizokwisha kutumika, na tangu 1890 nguo kuukuu, na hata leo kazi hizo zaendelea.

Sisi watu wa Usambara tu jamaa wa mahali hapa. Misheni iliyofika Mlalo mwaka 1891 ilihamishia makao yake Bethel mwaka 1906. Na kule Lutindi, juu ya Korogwe, ilifunguliwa mwaka 1896 nyumba ya watoto waliookolewa utumwani, ambayo baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Babu zetu walipokea wageni kutoka huku. Sasa wajukuu ndio wageni.

Siku za kwanza zilijaa mafundisho madogo. Mgeni ahamiapo nyumba yumo katika sheria ya kwenda kuandikisha jina lake na makao yake katika ofisi ya mji, kwa muda wa majuma mawili. Chakula cha jioni ni mkate na jibini, bila moto. Usiku wa kwanza tulikaa mezani tukingoja chakula chenyewe, hata tukaona wenzetu wanaondoa sahani. Jumapili maduka hufungwa. Takataka hazitupwi pamoja, bali karatasi ina pipa lake na maganda yana pipa lake. Njiani watu hupitana bila kusalimiana, nasi tuliumia moyoni, tukidhani wametukasirikia. Baadaye tulijua kwamba hawakukasirika. Wana haraka tu, na mkijuana husalimu kwa furaha.

Lakini fundisho kubwa lilikuwa la saa. Mmoja wetu alipewa kazi ya kumsaidia mzee mwenye kifafa avae nguo, anywe chai, na kupanda gari la kwenda karakana. Aliambiwa afike "nusu ya saba". Tulihesabu pamoja sote watatu. Wao huanza siku usiku wa manane, basi saa saba yao ya asubuhi ni saa moja yetu. Tukaongeza nusu, ikawa saa moja na nusu. Hesabu ilikuwa nzuri, lakini maneno hatukuyajua. Mjerumani asemapo "nusu ya saba", maana yake ni kwamba saa ya saba imefika nusu tu, yaani saa kumi na mbili na nusu kwa saa zetu. Tukakosea kwa saa nzima.

Mwenzetu alipofika alimkuta mzee ameketi kitandani, shati lake vifungo vimepishana, na gari limekwisha kwenda. Hofu yetu kubwa ilikuwa dawa, kwa sababu dawa ya kifafa hutaka kumezwa kwa wakati wake. Kumbe muuguzi alikuwa amekwisha kumpa. Mzee hakugomba. Alichukua saa ya mezani, akazungusha mishale kwa kidole, akaanza kufundisha: hii nusu ya saba, hii nusu ya nane. Tangu siku ile kila asubuhi hutupa mtihani. Kwa desturi ya huku yampasa kuitwa Bwana, pamoja na jina la ukoo wake; tulimwomba ruhusa tumwite Babu, akacheka, akakubali.

Katika juma la tatu Babu alianguka, chumbani mwa kulia, mbele yetu sote. Hapa twaungama jambo. Tulipokuwa watoto wa shule palikuwa na msichana darasani mwetu mwenye ugonjwa huu. Siku alipoanguka tulikimbia nje, maana tulikuwa tumeambiwa kwamba povu la kinywani huambukiza. Hakurudi tena shuleni, wala hakuna aliyekwenda kwao kumtazama. Na siku ile ya Babu, ijapokuwa tumesoma na tumekuwa watu wazima, mmoja wetu alijikuta mlangoni, mguu mmoja nje.

Muuguzi hakupiga kelele. Aliondoa viti, akaweka sweta lake chini ya kichwa cha Babu, akatazama saa yake. Hakumshika kwa nguvu, wala hakumtia kijiko kinywani. Mtikisiko ulipokoma akamlaza ubavu, apumue vizuri, akakaa naye hata alipopata fahamu. Zilikuwa dakika mbili tu. Alitueleza kwamba zikipita dakika tano ndipo huitwa gari la wagonjwa upesi. Kwa hiyo hutazama saa. Babu alipoamka, wa kwanza kumwona alikuwa yule wa mlangoni, ambaye alikuwa amerudi na kupiga magoti. Babu alimwuliza kwa sauti ndogo, "Saa ngapi?" Naye akajibu sawasawa, kwa Kijerumani, bila kukosea.

Usiku ule hatukulala upesi. Tulinena habari za yule msichana. Pia tulikumbuka tuliyosimuliwa: kwamba baada ya sheria ya mwaka 1933 wagonjwa wengi wa hapa walifungwa uzazi, na mwaka 1940 wagonjwa wengine Wayahudi waliondolewa wakauawa, kwa kuwa watawala wa siku zile walisema maisha yao hayana faida. Sisi hatukumwua mtu. Lakini tulikimbia, na yule msichana akapoteza masomo yake.

Basi, enyi walimu na wazazi, twawasihi neno moja. Kifafa hakiambukizi. Mtoto mwenye kifafa msimtoe darasani. Mpelekeni hospitali apate dawa, nayo ameze kila siku, asiiache aonapo nafuu. Mwekeni mbali na moto na maji, na wafundisheni wenzake jinsi ya kumlaza na kumngojea. Haya hayahitaji fedha za Ulaya.

Mmoja wetu ameandika barua kwa mama yake, atafute nyumbani kwao yule msichana, ambaye sasa ni mtu mzima kama sisi, amwulize hali. Twangoja jibu. Jua huku lachelewa zaidi kila asubuhi, na twaambiwa kwamba mwezi wa Desemba halitatoka kabla ya saa mbili. Lakini saa twazijua sasa, na Babu hangoji tena peke yake.

Tusalimieni wote wa nyumbani. Ni sisi wenzenu, watatu wa Usambara.