Unga wa Rangi ya Chungwa

Kwa miaka miwili nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba natengeneza dawa ya saratani. Nilijua si kweli. Nilikuwa mwanafunzi wa kemia Paris, simu za nyumbani Tanga zilikuja usiku, na sikuwa na subira ya kueleza.

Nilichotengeneza kinaitwa ferosifeni. Chukua tamoksifeni, kidonge wanachomeza wanawake wengi wenye saratani ya matiti. Ondoa pete moja ya benzini, na mahali pake weka ferosini: atomi moja ya chuma iliyolala katikati ya pete mbili zenye kaboni tano tano. Wazo hilo ni la Gérard Jaouen na wenzake, hukohuko Paris, tangu miaka ya 1990. Tamoksifeni hukalia vipokezi vya homoni ya estrojeni. Seli ya saratani isiyo na vipokezi hivyo haiijali. Ferosifeni, kwenye sahani za maabara, ilizizuia seli za aina zote mbili. Ukilisoma jambo kama hilo usingizi unakimbia.

Kazi yenyewe ni ya mikono: unga wa zinki, kloridi ya titani inayodondoshwa tone kwa tone, gesi ya agoni juu yake, maana unyevu kidogo wa hewa huharibu kila kitu. Mara tatu niliambulia tope jeusi. Mara ya nne, mstari wa rangi ya chungwa ukashuka taratibu ndani ya bomba la silika, nikalia. Unga ulipokauka nikaupiga picha, nikaituma nyumbani: “Dawa hii hapa.”

Shangazi yangu alikuwa na uvimbe kwenye titi, nami sikuambiwa. Aliitunza picha ile kwenye simu. Alipopangiwa kuanza matibabu, aliwaambia wanawe wasubiri, dawa ya ndugu yao inakuja. Tarehe mbili za hospitali zikapita. Kisha akanipigia mwenyewe.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Niletee hata kijiko kimoja.”

Usiku ule nilimweleza yote. Kwamba unga wangu hauyeyuki vizuri kwenye maji, na haujaonjwa hata na panya, sembuse mtu. Kwamba kampaundi ya titani, titanosini dikloridi, ilifika hadi kwa wagonjwa na bado ikaachwa. Kwamba sisplatini, ya platini, ilionekana kuzuia bakteria kugawanyika mwaka 1965, na Marekani ikairuhusu kuwa dawa mwaka 1978. Na hiyo ndiyo iliyofaulu.

Alinyamaza. “Sasa ile picha uliituma ya nini?”

Sikuwa na jibu. Niliomba radhi, na sijamwambia mtu tena kwamba natengeneza dawa. Nasema nazijaribu kampaundi za chuma kwenye seli, na kwamba kila mpya naiweka kwanza kwenye seli zenye afya, nione inaziua pia au la.

Shangazi alirudi hospitali wiki ileile. Sasa anameza tamoksifeni ya kawaida kila jioni, nami humpigia kumkumbusha.