Kiti Kisicho na Kura

Mwaka 2022 Kaunti ya Bungoma ilikaa miezi mitatu bila seneta, na sikumsikia mtu hata mmoja pale Kanduyi akilalamika. Moses Wetang'ula alikuwa amechaguliwa tena seneta Agosti 9. Septemba 8 akachaguliwa Spika wa Bunge la Kitaifa. Kifungu cha 106 cha Katiba kinataka Spika awe mtu anayehitimu kuwa mbunge lakini ambaye si mbunge, kwa hivyo ilibidi auachilie useneta kwanza. Uchaguzi mdogo ukafanyika Desemba 8, David Wafula Wakoli akaingia. Kabla ya hapo, mambo ya kaunti yalipofika Seneti, ambako kila kaunti ina kura moja bila kujali ukubwa wake, Bungoma haikuwa na seneta wa kuchaguliwa wa kuipiga kura hiyo.

Watu walikuwa na furaha kwa sababu nyingine. "Namba tatu," walisema. Na kwa karatasi ni kweli. Rais akiondoka, Naibu Rais anachukua. Kiti cha Naibu nacho kikiwa wazi, Spika wa Bunge la Kitaifa anakaimu urais hadi uchaguzi ufanywe ndani ya siku 60. Zaidi ya hapo, Ken Lusaka alikuwa ametoka kuwa Spika wa Seneti, 2017 hadi 2022, akarudi nyumbani kuwa gavana. Maspika wawili, nyumba mbili, kaunti moja, mmoja akitoka mwingine akiingia. Khocha wangu, kaka yake mama, alikuwa akiisema hiyo stori kwa matatu za Kitale hadi konda anapunguza muziki.

Mimi nimekulia Kitale, mama ni wa upande wa Bungoma, kwa hivyo utoto wangu wote ni hiyo barabara: Kiminini, Kamukuywa, halafu ama unapinda kwenda Kimilili ama unanyoosha hadi Webuye. Siku moja tukiwa kwa hiyo barabara nikamwambia khocha kitu ambacho kilimkera kabisa.

"Khocha, Spika hana kura."

"Hana kura vipi na ndiye mkubwa?"

Nikamfungulia Kifungu cha 122 kwa simu. Uamuzi wowote bungeni unapitishwa na wengi wa waliopo na kupiga kura, na Spika hapigi. Hata kura zikitoshana, hapigi. Hoja inaanguka tu. Bunge lina wabunge 349 na yeye wa 350, na katika hao wote ni yeye peke yake ambaye hawezi kusema ndiyo wala la. Khocha alisoma, akarudisha simu, akaangalia mahindi ya watu nje. Baada ya muda akasema, "Lakini yeye ndiye anaamua nani aongee."

Na hapo alinishinda, lazima niseme ukweli. Nguvu ya kiti hicho haiko kwa kura. Iko kwa nani anapewa nafasi ya kusema, hoja gani iingie leo na ipi ingoje, nani ni wengi na nani ni wachache. Hiyo ya mwisho si mchezo. Upande wa wengi unapata kiongozi wa wengi, na uzito zaidi katika kamati. Oktoba 2022 Wetang'ula aliamua kwamba Kenya Kwanza ndio wengi, ingawa Azimio walitoka kwa debe wakiwa mbele, kwa kuwa wabunge 14 wa vyama vidogo walikuwa wamehama. Februari 7, 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema uamuzi ule ulikiuka Katiba, na tena kwamba mtu hawezi kuwa Spika asiyeegemea upande na wakati huo huo awe kinara wa chama. Siku chache baadaye, kutoka kwa kiti kile kile, akatoa uamuzi mwingine: wengi ni wale wale. Unaweza kumpenda ama usimpende. Mimi ninachoona ni kwamba mtu asiye na kura alihesabu kura za wengine, na hesabu yake ndiyo iliyosimama bungeni.

Kuka, baba yake baba, hakuwa mtu wa kufurahishwa na viti. Alikuwa karani wa posta Kitale kwa miaka mingi na shujaa wake alikuwa Masinde Muliro. Nikiwa mdogo nilidhani ni kwa sababu ya uhuru, ama kwa sababu ya FORD. La. Ilikuwa kura moja tu, ya mwaka 1975.

J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa Machi mwaka huo. Bunge likaunda kamati teule kuchunguza, na mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki. Ripoti ikafika bungeni Juni, nzito, ikielekeza kidole kwa wakubwa wa polisi. Serikali haikutaka ipitishwe. Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi, na chini ya katiba ya zamani mawaziri walikuwa wabunge pia. Waziri akikalia benchi la mbele, kura yake ilikuwa tayari imeahidiwa: anapiga na serikali ama anaacha kazi. Hiyo ndiyo sheria isiyoandikwa ya mtindo wa Uingereza, baraza linazama pamoja ama linaelea pamoja. Muliro akapiga na wale wa nyuma. Ripoti ikapita. Pamoja na manaibu waziri wawili, John Keen na Peter Kibisu, akafutwa kazi.

Kuka aliisimulia kama vile wengine husimulia mpira. Anasimama, anaonyesha benchi la mbele liko wapi, anatembea hadi upande wa pili wa meza ya chakula, anakaa. "Hapo ameacha gari ya bendera," anasema. Halafu anaendelea kula.

Sehemu ya pili ya hadithi hakuipenda kuisimulia. Oktoba mwaka huo huo, Martin Shikuku wa Butere alisema bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Akatakiwa athibitishe. Aliyekalia kiti alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, naye akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi wakaja hadi Majengo ya Bunge wakawabeba wote wawili, na wakawekwa kizuizini bila kufikishwa kortini. Yaani kiti kile ambacho khocha anasema ndicho kikubwa hakikumlinda hata aliyekikalia.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mpango. Waziri hawezi kuwa mbunge tena. Hakuna mbunge anayeendesha wizara, kwa hivyo hakuna anayefutwa uwaziri kwa sababu ya kura yake. Kwa karatasi, kila mbunge wa leo yuko huru kuliko Muliro. Nilimuuliza kuka, kabla hajafariki, kama hiyo si afadhali. Akasema ndiyo, afadhali, sasa hawana kisingizio.

Juni 2024 ikafika na wewe unajua ulikuwa wapi. Mswada wa Fedha. Namba za simu za wabunge zilizunguka kila mahali na sisi tukawasalimia. Mimi nimejiandikisha kupiga kura kwa kina mama, na mbunge wa huko, ambaye sitamtaja, nilimtumia ujumbe wa heshima kabisa: mheshimiwa, mimi ni mpigakura wako, kura yako tafadhali iwe la. Nikaweka jina langu lote. Usiku nikaiweka picha ya ujumbe kwa grupu ya familia.

Khocha akanipigia saa tano usiku.

"Futa."

"Kwa nini, khocha?"

"Jina la nyumba yetu liko hapo."

Binti yake, ninayemwita dada, alikuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi. Fomu yake ya basari ilikuwa imeshafika ofisi ya CDF. Majina yalikuwa yanapangwa mwezi huo. Hakuna mtu aliyekuwa amemtisha khocha. Hakuna sheria inayosema mbunge anaweza kufuta jina la mtoto kwa sababu ya ujumbe wa binamu yake. Kuna kamati, kuna utaratibu. Lakini khocha ameishi huko miaka hamsini na anajua nani anakaa karibu na nani.

Nikamwambia Kifungu cha 95 kinataja kazi za Bunge la Kitaifa: kuwakilisha watu, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa, kusimamia serikali. Basari haimo. Matanga hayamo. Akanijibu polepole, bila hasira, "Mpwa wangu, hiyo ya kuwakilisha naiona kwa runinga. Hii ya karo naiona kwa mkono."

Sikuifuta. Aliondoka kwa grupu asubuhi.

Juni 25 mswada ulipita, 195 kwa 106. Orodha ya nani alipiga nini ikatoka jioni, wakati Nairobi watu walikuwa tayari wamepigwa risasi nje ya uzio wa Bunge. Mbunge wetu alikuwa kwa wale 195. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Wale 195 walikuwa wamesimama upande ambao aliyewapanga hapo amekwisha kuondoka, na sidhani kuna kura imewahi kumgharimu mtu hivyo na isimnunulie chochote.

Senge, shangazi yangu wa Kitale, ndiye alitupatanisha na khocha mwezi wa nane, kwa sababu kulikuwa na mahari ya kupeleka na huwezi kwenda bila khocha. Hatukugusa siasa. Septemba 20 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria ya mfuko wa CDF inakiuka Katiba, kwa vile wabunge ni wa kutunga sheria na kusimamia, si wa kuendesha miradi, na kwamba mfuko uishe kufikia Juni 30, 2026. Nilitarajia khocha anipigie kunilaumu. Alinitumia ujumbe mmoja tu, akiuliza hiyo orodha ya kura za wabunge hupatikana wapi, na kama ni ya bure.

Nikamtumia kiungo cha Hansard. Dada anasema huwa anamsomea jioni, sehemu za Kiswahili kwanza, na kwamba anachokiuliza kila mara ni kama mheshimiwa wetu ameongea. Basari yake ilitoka mwisho wa mwaka, elfu nne. Karo ilibaki elfu ishirini na tatu.