Pampu ya mkweche wa Kigonsera

Bumu likiingia, wote tunajua linakoelekea: madeni ya kantini, bando, viatu. Langu la muhula uliopita, sehemu kubwa ilikwenda kwenye pampu ya mafuta ya Land Rover 109 Series III ya baba mdogo, kule Kigonsera, kati ya Songea na Mbinga. Chekeni tu. Gari hilo ndilo linalobeba kahawa yetu kwenda AMCOS, na usiku ndilo linalowahisha wagonjwa hospitali.

Lilianza kuzima milimani, kisha oili ikanuka petroli. Fundi alichomoa kijiti cha oili, akanusa, akasema dayaframu imepasuka. Injini hii ya petroli, lita 2.25, pampu yake haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa injini. Kamshafti inasukuma mkono, mkono unavuta dayaframu ya mpira, petroli inapanda kutoka kwenye tangi. Ikipasuka, petroli inaweza kushukia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, beringi zinalika. Si jambo la kusubiri likizo.

"Mwanangu, uko Dar," baba mdogo akasema kwenye simu. "Tafuta."

Kariakoo, kijana wa kwanza alinipa pampu ya umeme ya Toyota, mtumba, bei poa. "Inaingia gari yoyote, braza." Kuingia, sawa, hata mpira wa bustani unaingia. Shida ni presha. Pampu hizo ni za injini za EFI, zinasukuma zaidi ya paundi 35 kwa inchi ya mraba, wakati kabureta ya Land Rover inataka paundi 2 hivi. Kasindano kanakofunga petroli ndani ya kabureta hakawezi kuzuia nguvu hiyo. Petroli ingefurika juu ya injini ya moto, na nyuma wamekaa watu.

Zipo pia za umeme za presha ndogo. Hapo nilisita kweli, maana ingefanya kazi. Ila inataka waya mpya, fyuzi, na swichi ya kuikata injini ikizima. Bila hiyo, gari likipinduka pampu inaendelea kumwaga petroli. Ya kamshafti hufa pamoja na injini. Na betri ya baba mdogo, tuiache.

Duka la tatu nilimkuta mzee. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha picha alizonitumia fundi: boliti mbili, umbo la mkono, tundu la kuingizia na la kutolea. Akauliza swali moja tu: "Petroli au dizeli?" Pampu ya dizeli inafanana na hii kama pacha, lakini springi yake ni ngumu na presha yake kubwa zaidi.

Za petroli alikuwa nazo mbili. Ya bei rahisi imebanwa kiwandani, haifunguki, ikifa, unatupa. Nyingine imefungwa kwa skrubu na dayaframu yake inauzwa peke yake. Nikachukua hiyo, na dayaframu ya akiba juu yake, kwa sababu fundi wetu ana bisibisi, Kariakoo hana.

Mzigo ulipanda basi la Songea. Fundi alimwaga oili yote, akaweka mpya, akafunga pampu. Siku ya tatu akanusa kijiti tena: oili tupu. Sasa wanasafisha kutu kwenye tangi kabla kahawa haijaiva.