Shanta la Mwindaji

Shanta tupu halina kosa. Huning'inia dukani kwa adabu, mishipi yake imenyooka, na mnunuzi alijaribupo begani huona kama lilishonwa kwa ajili yake peke yake. Walakini shanta la mwindaji halijulikani wakati wa kwenda porini. Hujulikana wakati wa kurudi, jua limesimama utosini, maji yamekwisha kibuyuni, na mgongoni pana nyama isiyongoja.

Mtu mmoja wa Mtendeli, katika nyanda za juu za Kigoma, alihitaji miaka karibu thelathini kulijua jambo hili. Nchi yake ya Buha ni nchi ya miyombo na vilima, na mabonde yake hupeleka maji Malagarasi. Mnyama apatikanapo kwa kibali, aghalabu hupatikana mbali na njia ya gari. Pongo dume mkubwa, akiisha kuondolewa matumbo, aweza kufika frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Na huo ulikuwa karibu sawa na mzigo wa mpagazi mmoja wa misafara ya karne ya 19 kati ya Ujiji na pwani. Wanyamwezi, ambao waliufanya upagazi kuwa fahari, walibeba begani. Mwindaji hawezi kuwaiga: bega moja ni la bunduki, na kichwa sharti kiwe huru kugeuka.

Alianza na mkoba wa ngozi wa urithi. Kwa risasi, tumbaku na kipande cha muhogo ulifaa sana. Kwa nyama ulimvuta ubavuni akaenda upande kama mlevi. Likafuata gunia lenye kamba za mkonge. Mkonge si mgeni katika nyumba za Waha, maana wanaume wengi walichukuliwa kwenda kuukata katika mashamba ya Tanga, na ofisi ya kuwaandikisha, SILABU, ilidumu tangu 1944 hata 1965. Kamba ile ilimkata mabega, naye aliivumilia. Ambalo halikuvumilika ni fundo. Asubuhi moja nyati aliinuka katika matete, hatua chache mbele yake, na mwindaji, aliyejifunga kifuani ili gunia lisichezecheze, hakuweza kujivua wala kuitoa bunduki iliyobanwa na kamba. Nyati alimtazama, kisha akaenda zake. Mtu yule aliketi chini muda mrefu akilifungua fundo kwa meno. Tangu siku hiyo hakukubali mshipi usiofunguka kwa mkono mmoja.

Shanta la turubai la kijeshi lilikuwa imara, lakini liliponyeshewa lilikunywa mvua na kuongeza uzito usiolika. Tena nyama ilikaa ndani bila hewa, ikipata joto la mgongo wa mbebaji pamoja na joto la jua, na mara mbili ilifika nyumbani imeanza kunuka. Watoto waliokuwa wakiisubiri walilala na maharage.

Baada ya hapo alinunua mfuko wa nailoni, mwepesi, wa rangi ya buluu yenye kupendeza. Uliguswa na matawi ukapiga kelele. Na mbung'o wakaupenda kupita yeye alivyoupenda. Hapana ajabu: mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta. Buha yawajua wadudu hao. Kwa ajili ya malale, serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi katika miaka ya 1930 na kuwakusanya katika makazi mapya. Kwenda porini na mtego mgongoni ni ukarimu uliozidi.

Jawabu lilikuwa nyumbani mwake siku zote. Mkewe alipombeba mtoto kwa mbeleko, alimkaza juu, karibu na uti wa mgongo, akamwegemeza kiunoni, kisha akalima nusu siku. Mume aliyaona haya kwa watoto watano kabla ya kuyatazama.

Akachonga kiunzi cha mti mwepesi, chenye mshipi mpana wa kiunoni. Mfuko, wa rangi ya majani makavu, waweza kufunguliwa ukaondolewa, na nyama ikafungwa juu ya kiunzi kwa kitambaa chepesi kipitishacho upepo. Mishipi ilishonwa na fundi cherehani kutoka Burundi, mkimbizi katika kambi ya Mtendeli iliyofunguliwa 2016. Fundi hakuwa mwindaji. Alitaka kwanza shanta lijazwe mawe, mwenyewe alivae, atembee mbele yake. Ndipo akatia alama za chaki.

Kambi ilifungwa mwishoni mwa 2021 na waliosalia wakahamishiwa Nduta, fundi miongoni mwao. Mishono yake ya kiunoni haijafumuka. Wa bega la kushoto umerudiwa mara moja, na mtu mwingine, kwa uzi wa rangi isiyolingana.