Swichi Mbili na Ruta Moja

Mwenye cheti cha kidato cha nne mkononi na mswada wa riwaya uvunguni hana mengi ya kuchagua. Vijisenti nilivyodunduliza miezi minane vilikuwa vya kuupiga chapa mswada. Nikavigeuzia matumizi. Kwanza cheti cha mitandao, CCNA, kazi ipatikane; riwaya ingoje.

Washikaji wa mtaani wakanishauri ninunue lundo: ruta tatu, swichi tatu, na kabati lake la chuma. Si mchezo! Wao hawanunui LUKU ya kwetu, wala hawalali chumba kimoja na feni zinazovuma usiku kucha. Tena mtihani wa sasa, 200-301, ulioanza Februari 2020, una mambo ambayo vyuma vya zamani havina. Ruta nyingi za mazoezi ya OSPF nazipanga bure ndani ya Packet Tracer.

Sasa kwa nini kununua chochote? Kwa ajili ya mkono, bwana. Nikashuka Kariakoo, nikachukua Catalyst 2960 mbili zilizotumika na ruta moja ya 1841.

“Mdogo wangu, kebo ya konsoli usiisahau,” muuzaji akaniambia, “utarudi hukuhuku.”

Nikaichukua, ile ya buluu, pamoja na kiunganishi cha USB, maana laptopu yangu haina tundu la pini tisa.

Swichi ziwe mbili, si moja. Ziunganishe kwa kebo mbili: taa ya tundu moja itabaki rangi ya chungwa, limezibwa ili data isizunguke bila kikomo. Sasa chomoa kebo ya pili, ile inayofanya kazi. Hesabu kama sekunde 30, kimya. Chungwa linageuka kijani! Kwenye programu nimeyaona hayo mara nyingi, moyo haukunidunda hata siku moja.

Muuzaji alikuwa amefuta mipangilio ya mwenye mali wa kwanza. Lakini orodha ya VLAN hukaa kwenye faili lake peke yake, vlan.dat, na hilo lilibaki. Nikayakuta majina: MASJALA, UHASIBU, WAGENI. Ofisi nzima ya watu nisiowajua imelala ndani ya bati! Nani alikaa masjala?

“Mwanangu, chakula kinapoa,” mama akaita.

“Nakuja, mama.”

Saa sita usiku nilikuwa bado naandika, na halikuwa zoezi la VLAN. Mtihani ni mwezi ujao. Karani wa masjala yuko ukurasa wa tisa.