Magari Matatu kabla ya Sala

Kijana akaaye Kimbanseke, akitakiwa kuwa Gombe saa mbili asubuhi, huamka kabla ya jogoo. Si kwa sababu ya umbali, kwa kuwa umbali wenyewe hautishi. Ni kwa sababu Kinshasa, mji wenye watu zaidi ya milioni 15, una njia chache mno za kutoka mashariki kuelekea katikati, na iliyo kubwa kupita zote ni Boulevard Lumumba. Wote humiminika humo: wanafunzi, mama wachuuzi, watumishi wa serikali, wagonjwa waendao hospitali, pamoja na malori yatokayo upande wa uwanja wa ndege. Sisi tuliotoka Kivu, tuliozoea kuvuka mji kwa pikipiki moja, hutuchukua muda kuelewa kwamba hapa safari ndiyo kazi ya kwanza ya siku, na ile yenye mshahara ni ya pili.

Kituoni hakuna mstari. Kuna mikono. Msafiri huinua mkono na kwa ishara ya vidole humwambia dereva aendako, na dereva hujibu bila kusimama kama aelekea huko au la. Gari likipunguza mwendo, watu hulikimbilia, na mwenye nguvu ndiye akaaye. Kwa miaka mingi magari hayo yalikuwa zaidi yale ya zamani ya Mercedes, yaliyotiwa mabenchi ndani, ambayo wenyeji waliyapa jina la «esprit de mort», roho ya kifo. Na aliyewahi kupanda moja lisilo na mlango hataona kwamba walitia chumvi. Si haki kusema kwamba hakuna lililojaribiwa. Mwaka 2013 zilianza basi za Transco, na mwaka huohuo barabarani zikasimamishwa roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi wetu Thérèse Izay Kirongozi. Tangu 2019 yakaanza kujengwa madaraja ya kurukia njia panda, yaitwayo «saut-de-mouton». Yote hayo yamesaidia, lakini mji umekua kwa haraka kuliko msaada wenyewe.

Lakini jambo linalonishughulisha zaidi katika safari hizi ni lile liitwalo «demi-terrain», nusu safari. Gari lililokuwa likienda moja kwa moja kutoka Gare Centrale hadi Masina hukata njia. Receveur, yule kijana aning'iniaye mlangoni na kupokea nauli, hutangaza Limete tu, karibu na mnara wa Échangeur. Huko watu hushuka, hungoja tena, na hulipa tena. Wakuu wa mji wameikataza desturi hii mara nyingi, nayo hurudi mara nyingi vilevile. Abiria humlaani receveur, naye hurudisha matusi.

Mimi sikubaliani na wanaoona ubaya wote umo ndani ya kijana huyo. Dereva na receveur wengi hawana gari. Kila jioni wanamdai mwenye gari fedha? La, wao ndio wadaiwao: sharti wampelekee kiasi kilichokubaliwa, kiitwacho «versement», iwe njia ilipitika au haikupitika. Mafuta ni juu yao. Polisi wa roulage nao wana njia zao za kusimamisha gari. Msongamano ukila saa tatu, safari za siku hupungua, ila deni halipungui hata kidogo. Basi dereva huikata safari ili nauli moja izae mbili. Ni udanganyifu, hasa pale anapotangaza Masina na kuwashusha watu njiani, nami siusafishi. Lakini anayetaka kuuelewa na aanze na hesabu ya jioni, ndipo ayafikie matusi ya asubuhi.

Hayo yote yangebaki habari ya barabara, kama yasingeingia katika daftari la kundi letu la vijana. Parokia yetu iko upande wa Kintambo, magharibi. Dada mmoja wa kundi alizaliwa hapo, akabatizwa hapo, akaimba hapo tangu utoto. Kisha mwenye nyumba akaongeza kodi, na wazazi, wakishindwa kupata ile dhamana ya miezi mingi idaiwayo kwa nyumba mpya mtaani, wakahamia ng'ambo ya N'djili. Akaendelea kuja. Wewa moja hadi barabara kuu (wewa ndiyo pikipiki ya kukodi), gari hadi Rond-point Victoire, gari jingine hadi Kintambo Magasin. Magari matatu, na ikiwa ni siku ya «demi-terrain», manne au matano. Mkutano wetu ulikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Ulipokwisha, giza lilikuwa limeingia, na mahali alipoachwa na gari hapakuwa daima mahali ambapo binti apaswa kusimama peke yake usiku.

Alikosa mara tatu mfululizo. Kwa sheria yetu, anayekosa mara tatu haruhusiwi kutoa ahadi mwaka huo. Jina lake likafutwa, na mmoja wa viongozi akasema kwamba moyo ukitaka, mguu hufika. Nilisimama nikapinga, nikaomba kwamba wiki ijayo, karibu na kila jina, tuandike pia idadi ya magari ambayo mtu alipanda kuja. Wengine walicheka, lakini tuliandika. Wanane kati yetu walikuwa wamepanda matatu au zaidi. Viongozi wote watano walikuwa wamekuja kwa miguu.

Katika sura ya tano ya Injili ya Marko kuna umati unaomsonga Yesu pande zote, kama tunavyosongana Victoire saa kumi na mbili jioni. Ndani ya msongo huo anauliza ni nani aliyemgusa, na wanafunzi wanashangaa kwa swali lenyewe: wote wanamgusa! Lakini yeye anatofautisha kusongwa na kuguswa. Kati ya miili yote iliyomwegemea, mmoja alikuja na shida yake, mwanamke aliyekuwa amemaliza mali yake yote akitafuta kupona. Yesu alikuwa na haraka. Binti wa Yairo alikuwa akifa. Hata hivyo alisimama, akamtafuta kwa macho.

Wengi wetu tulikuwapo Stade des Martyrs tarehe 2 Februari 2023, wakati hayati Papa Fransisko alipotufundisha kwa vidole vya mkono. Kidole cha shahada alikipa jumuiya, kile cha kati uaminifu. Makundi yetu huvikumbuka kwa urahisi, huviimba hata. Nimejiuliza mara nyingi, nikiwa nimeinua mkono wangu kituoni, jumuiya ni ipi kama gharama yake wanailipa wanane, nao watano wanaihesabu tu.

Majadiliano yalichukua wiki nne na hayakuwa mazuri. Kiongozi mmoja alihofu kwamba tukilegeza sheria, hata wa karibu watalala nyumbani. Hofu yake haikuwa ya kijinga, maana wawili walijaribu. Mwishoni mkutano ukahamishiwa Jumapili, mara baada ya Misa ya pili, na mzee anayetunza ukumbi bado ananung'unika kwa sababu viti vyake havipumziki. Jumapili mbili za mwezi sote tunakutana Kintambo. Zile nyingine, wa mashariki wanakutana Masina, katika ua wa familia moja, na yule dada ndiye aongozaye masomo. Ahadi yake ataitoa mwaka huu pamoja na wengine. Jumapili iliyopita walikuwa saba huko Masina, na mmoja ni receveur wa njia ya Victoire, ambaye kwetu hakuweza kufika kamwe, kwa kuwa gari halina Jumapili. Alikaa nusu saa, akasali nao, kisha dereva akapiga honi nje.